Goti la Bibi na Goti la Kijana: Hela ya Ng'ombe Iende kwa Nani?

SEHEMU YA 1

 Nimetoka zamu sasa hivi. Wiki iliyopita tulimaliza manjano ya kichanga, wiki hii niliahidi magoti, na ahadi ni deni. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo bandika kwanza maji ya ugali ndo uanze kusoma.

Sitaki usubiri hadi mwisho kujua ninachoamini, nakisema hapa hapa. Hapa kwetu Ilembo, na nikipita mitaa mingine ya Mpanda naona ni yale yale, hela ya upasuaji wa goti tunampa mtu ambaye mara nyingi upasuaji huo haumsaidii, halafu tunamnyima yule ambaye ungemsaidia.

Angalia tunavyofanya. Bibi ana miaka 58, goti linamuuma mwaka wa pili huu, akichuchumaa kuinuka ni kazi. Mtoto wake aliyeko Dar anasikia kuna upasuaji wa matundu, daktari anaingiza kamera ndani ya goti, kesho yake mgonjwa anarudi nyumbani. Kikao kinakaliwa. Ng'ombe anauzwa, magunia ya mpunga yanatolewa stoo, kikoba kinakopwa, bibi anapandishwa basi la Tabora kuelekea Dar, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Wakati huo huo mjukuu wake wa miaka 22, dereva wa bodaboda, amejipinda goti mpirani Jumapili na tangu siku hiyo goti halinyooki. Yeye anaambiwa nini? "Jikande na maji ya chumvi, wewe bado damu inachemka, litaachia lenyewe."

Kwa maoni yangu hapo tumegeuza. Wa kupandishwa basi ni yule kijana. Bibi anatakiwa abaki nyumbani na matibabu mengine ambayo nitayaeleza, na nikisema matibabu mengine sina maana ya kumtuliza tu mzee wa watu. Ni tiba kamili, imepimwa, ina majibu.

Najua wengine mmeshakunja sura. Twende pole pole.

SEHEMU YA 2

Wewe unayechota maji kisimani unaijua ngata (wengine mnaiita kata). Kichwa kimeviringika, ndoo chini ni bapa. Ukiiweka ndoo hivi hivi kichwani inacheza, na inaumiza sehemu moja tu ya utosi. Kwa hiyo unakunja khanga, unaiviringisha, unaiweka katikati. Ndoo inatulia na uzito unasambaa.

Ndani ya goti mambo ni hayo hayo. Mfupa wa paja mwisho wake umeviringika, mfupa wa muundi juu yake ni bapa. Katikati yake kuna ngata mbili, moja upande wa ndani wa goti na nyingine upande wa nje, zenye umbo la mwezi mwandamo. Zimetengenezwa kwa gegedu, ile nyama ngumu inayonepa kama ya sikioni, ila hizi ni imara zaidi. Madaktari wanaziita meniskasi. Ukisikia mtu ameambiwa "meniskasi imechanika," ujue ngata yake imepata mpasuko.

Sasa kuna jambo moja hapa ukilishika, mengine yote yatakuwa mepesi. Ukingo wa nje wa meniskasi unapata damu. Sehemu ya ndani haipati, inaishi kwa kunyonya ule uteute wa kwenye goti. Mahali penye damu kidonda kinaweza kupona, na mpasuko wa hapo daktari anaweza kuushona ukashika. Mahali pasipo na damu hapashiki. Ndiyo maana wagonjwa wawili wanaweza kuwa na jina moja la ugonjwa kwenye karatasi, halafu mmoja akashonwa, mwingine akakatwa kipande, na wa tatu akaambiwa aende akafanye mazoezi. Hajabaguliwa mtu.

Zamani ilikuwa inatolewa yote. Watu waliona meniskasi ni kama kipande cha ziada tu, ikichanika wanafungua goti kwa kisu wanaing'oa nzima. Mwaka 1948 daktari mmoja wa Uingereza, Fairbank, akaonyesha kwa picha za eksirei kwamba magoti yaliyotolewa meniskasi yanaanza kubadilika, mifupa inajibana na kuchakaa. Yaani ndoo imekalia utosi bila ngata. Wajapani ndio walioleta habari ya kuingia kwa tundu dogo: Takagi alichungulia ndani ya goti la maiti kwa mrija wenye lenzi mwaka 1918 huko Tokyo, na mwaka 1962 Watanabe akakata kipande cha meniskasi iliyochanika kupitia matundu bila kufungua goti lote. Leo upasuaji wa namna hiyo unafanyika hata kwetu Tanzania, kwenye taasisi ya mifupa MOI pale Muhimbili. Ni kitu kizuri sana, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani naupiga vita. Ninachouliza ni unafanyiwa nani.

SEHEMU YA 3

Turudi kwa bibi.

Meniskasi ya kijana inachanika kwa kishindo: mguu umeganda chini, mwili unageuka, goti linasokotwa. Ya bibi haihitaji ajali. Ni kama khanga ya miaka kumi, inaachia nyuzi zenyewe hata ukiwa unaianika tu. Amelima kwa jembe la mkono tangu akiwa msichana, amebeba kuni, amebeba watoto sita mgongoni, amepiga magoti kusalimia wakwe na wazee (wenzetu Wasukuma mnanielewa hapa). Goti limefanya kazi. Gegedu limepungua, na ndani ya kuchakaa huko meniskasi nayo imepata nyufa.

Mtu akimpeleka kwenye MRI, karatasi inarudi imeandikwa: meniskasi imechanika. Familia nzima inashtuka. Imechanika! Si lazima ishonwe au ikatwe?

Hapana. Sikiliza hii. Marekani, kwenye mji wa Framingham, watafiti waliwapiga picha za MRI watu 991 wa miaka 50 hadi 90 wa mtaani tu, hawakuchaguliwa kwa sababu ya kuumwa goti. Majibu yalitoka mwaka 2008. Katika wale waliokutwa na meniskasi iliyochanika, asilimia 61 walisema mwezi uliopita goti halikuwauma wala kukakamaa. Yaani zaidi ya nusu wana mpasuko na wanatembea zao vizuri. Kwa hiyo picha ikionyesha mpasuko kwa mtu wa miaka 58, bado hujapata jibu la kwa nini anaumwa. Pengine ukimchungulia jirani yake ambaye halalamiki lolote utaukuta pia.

Kuna utafiti mwingine ambao kila nikimsimulia mtu hapa kazini anauliza mara mbili. Finland, matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Wagonjwa 146 wa miaka 35 hadi 65, wote na maumivu ya meniskasi iliyochanika kwa uchakavu. Wakakubali kwa hiari, huku wakijua kabisa, kwamba kura itaamua: nusu watakatwa kile kipande kwa njia ya matundu, nusu watatobolewa matundu na kuchunguliwa tu, wafungwe bandeji, warudi wodini. Mgonjwa haambiwi yuko kundi gani. Baada ya mwaka mmoja wakawalinganisha. Makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, na waliokatwa hawakuwashinda wenzao ambao hawakukatwa kitu.

Soma tena hiyo ya mwisho halafu mfikirie ng'ombe wako.

Mwaka 2017 jopo la kimataifa la wataalamu, na ndani yake walikuwamo wagonjwa wenyewe, likaandika mwongozo kwenye jarida la BMJ la Uingereza: karibu wagonjwa wote wenye goti la uchakavu wasifanyiwe upasuaji huu, hata kama MRI inaonyesha mpasuko. Walichoacha nje ni goti lililojifunga kabisa. Hilo tutalifikia kwenye habari za kijana.

Naomba usichanganye na kubadilishiwa goti. Kuna wazee ambao goti limeisha kabisa, mguu umepinda, usingizi hawapati, na daktari akashauri kuwekewa goti la bandia. Huo ni upasuaji mwingine na una wagonjwa wake. Nazungumzia hapa ule wa kamera wa kwenda kusafisha na kukata.

Sasa kwa nini bado tunauza ng'ombe? Nimekaa nikiwaza, na nadhani shida sio ujinga kama wengine wanavyosema kwa dharau. Shida ni upendo. Mtoto yuko Dar au Mwanza, mama yake yuko Ilembo, anataka mtaa ujue mama ametunzwa. Upasuaji unaonekana. Una safari, una picha za hospitali, una bandeji. Mazoezi hayana hata risiti. Ukisema "nilimlipia mama nauli ya kwenda kwa mtaalamu wa mazoezi tiba, na kila jioni dada anamsimamia," nani atakupongeza kwenye kikao cha ukoo? Mkwe naye ukithubutu kushauri kwamba bibi asipelekwe, utaambiwa unaionea uchungu hela ya mwanamume. Nawajua mliowahi kuambiwa hivyo. Mtumie huyo wifi hii posti, mwambie kasema nesi.

SEHEMU YA 4

Hii ni ya kufanya kuanzia leo jioni.

Kunja khanga mbili, ziviringishe ziwe kama mto mdogo. Bibi alale chali mkekani, khanga ziwe chini ya goti. Akandamize goti kwenye khanga kuelekea chini, ashikilie huku anahesabu hadi tano au kumi, aachie. Mara kumi. Lile paja la mbele litakaza, hilo ndilo tunalolitafuta, kwa sababu paja lenye nguvu linapokea uzito ambao goti lingeubeba peke yake. Siku nyingine akae kwenye kiti, anyooshe mguu taratibu, aushushe taratibu. Akizoea, ainuke kitini bila kujishika na akae tena. Akizoea na hilo, apande na kushuka kizingiti cha mlango, mguu mmoja mmoja.

Atasema linauma. Maumivu kidogo yanayotulia kabla ya kesho yake hayana shida. Likivimba au maumivu yakibaki hadi kesho, mmezidisha, punguzeni. Kule Norway walilinganisha mazoezi ya wiki 12, mara mbili hadi tatu kwa wiki, na upasuaji, kwa watu wenye mpasuko wa uchakavu. Baada ya miaka miwili makundi yalikuwa sawa kwa hali ya goti, na miezi ya mwanzo waliofanya mazoezi ndio walikuwa na mapaja yenye nguvu zaidi. Wiki 12 ni miezi mitatu. Ukifanya siku nne ukaacha halafu ukasema nesi muongo, mi sitakuwepo kujitetea.

Uzito ni neno gumu kwetu kwa sababu unene tunauona ni heshima, lakini kila kilo moja bibi anayopungua, goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Piga hesabu ya kilo tano.

Choo cha kuchuchumaa ndicho kinachowatesa wengi. Fundi seremala wa mtaani anaweza kutoboa kiti cha mbao kikakaa juu ya tundu. Kibao kile cha kukatia mboga mkipandishe juu ya meza. Na kwenye salamu, mzee wa heshima haoni vibaya bibi akisalimia ameketi, ni sisi tunaojishtukia.

Kuhusu dawa: diklofenaki ya kununua dukani kila wiki kwa miezi inachoma tumbo, inaumiza figo na inapandisha presha. Wazee wengi wa Ilembo presha wanayo tayari. Na wewe mjamzito unayeokota vidonge vya mama mkwe kwa sababu mgongo unauma, acha. Kundi hilo la dawa, hasa mimba ikifika wiki 20 na kuendelea, linaweza kumdhuru mtoto. Uliza kliniki wakupe kinachofaa. Kuhusu zile poda za mtandaoni za "kurudisha gegedu" na "kujaza uteute" ndani ya siku 14, nimeona bei zake, nitasema tu kwamba gegedu lililokwisha halirudishwi na poda.

SEHEMU YA 5

Sasa kijana. Hapa ndo roho inaniuma zaidi.

Anacheza mpira jioni, mguu umeganda kwenye mchanga, anageuka. Anasikia kitu kimeachia ndani. Siku ya kwanza anachechemea, kesho yake goti limejaa. Baada ya hapo kuna njia mbili, na wewe mke au mama yake ndiye wa kuziangalia kwa sababu yeye atasema mzima.

Ya kwanza: uvimbe unapungua, goti linakunja na kunyooka lote, ila linauma akigeuka au akichuchumaa. Huyu aende akapimwe, lakini sio lazima akimbilie kisu. Denmark walifuatilia vijana 121 wa miaka 18 hadi 40 wenye meniskasi zilizochanika, majibu yakatoka mwaka 2022. Wengine walipasuliwa mapema, wengine walianza na mazoezi na elimu, wakiruhusiwa kupasuliwa baadaye wakihitaji. Mwaka ulipoisha hali zao zilikuwa zinalingana, na kwenye kundi la mazoezi kama mmoja kati ya wanne ndiye aliyeishia kupasuliwa.

Ya pili: goti limejifunga. Nisikilize vizuri kwenye neno hili. Goti kulia "ka ka ka" sio kujifunga, magoti mengi yanalia na hayana shida. Kujifunga ni pale mguu umekunjika kidogo na haunyooki tena, kama mlango ulioingiwa na jiwe kwenye bawaba. Mlaze chali, linganisha miguu yote miwili mkekani. Mmoja ukibaki umeinuka na ukijaribu kuushusha unagonga kitu, hapo kuna kipande cha meniskasi kimegeuka na kuingia katikati ya mifupa. Madaktari wanaufananisha mpasuko huo na mpini wa ndoo: meniskasi imechanika kwa urefu, kipande kimeinuka kama mpini na kulala upande wa pili.

Huyu ndiye wa ng'ombe. Mara nyingi huu mpasuko uko karibu na ukingo wenye damu, yaani unaweza kushonwa, na kijana akabaki na ngata yake maisha yote. Ila haungoji. Kila siku anayotembea na kipande kile kimebanwa, kinasagwa, kinaharibika, na pamoja nacho gegedu la mifupa. Akija baada ya miezi minne ya kukandwa, kipande kimekuwa kama kitambaa kilicholiwa na panya. Hakishoneki, kinatupwa. Ana miaka 22. Akifika 40 ana goti la bibi yake.

Kwa hiyo asivutwe goti na mtu yeyote, hata kama huyo mtu ameunga mifupa ya mtaa mzima. Kuunga mfupa na kutoa kipande cha gegedu kilichobanwa ni kazi mbili tofauti, na kulinyoosha kwa nguvu kunachana zaidi. Siku za mwanzo wekea kitambaa cha maji baridi, sio moto. Atumie gongo. Siku hiyo hiyo au kesho yake aende kituo cha afya, na aseme kwa maneno haya: "Goti limejifunga, halinyooki." Sio "goti linauma." Ukisema linauma utapewa vidonge. Omba rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa na kutoka pale waseme aende wapi.

Kuna jambo jingine ambalo familia changa lazima mlikalie kabla ya siku ya upasuaji, na ni la jikoni kuliko la hospitali. Kukata na kushona havilingani muda. Aliyekatwa kipande anatembea ndani ya siku chache na wengi wanarudi kazini baada ya wiki kadhaa. Aliyeshonwa ana wiki kadhaa za magongo, hachuchumai kwa miezi, na mpira ni kama nusu mwaka. Dereva wa bodaboda akisikia hivyo atamwambia daktari, "Kata tu dokta, nina watoto." Namwelewa. Siku asipopanda pikipiki hakuna unga, na pikipiki ya mkataba mwenyewe anataka hesabu yake.

Hata hivyo, kama daktari anasema inashoneka, mimi niko upande wa kushona, na hapo ndipo michango ya ukoo iende. Waliokuwa tayari kuuza ng'ombe kwa ajili ya bibi wauze, sehemu iwe ya hospitali na sehemu iwe ya unga wa miezi ile, na pikipiki apewe kijana mwingine wa nyumbani aiendeshe. Msimpe mfano wa wachezaji wa televisheni. Ni kweli Luis Suárez alipasuliwa meniskasi Mei 2014, na kabla mwezi haujaisha akawafunga Uingereza mabao mawili kwenye Kombe la Dunia. Mtu aliyeshonwa hawezi kurudi haraka namna ile, na huyu wa kwetu hana timu ya madaktari inayomsubiri pembeni ya uwanja.

SEHEMU YA 6

Mtoto mdogo anayeumwa goti nimemwacha makusudi, kwa sababu kwake meniskasi ni kitu cha mwisho kufikiria. Mtoto mwenye homa, goti limevimba lina joto, hataki kulikanyagia: hiyo inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo, na inaharibu goti kwa siku chache tu. Usiku huo huo hospitali. Kama ana selimundu mkumbushe daktari. Na mtoto anayechechemea akisema goti, daktari amwangalie na nyonga, watoto huumwa nyonga wakaonyesha goti.

Kwa wale mtakaosafiri. Kabla ya kukata tiketi, uliza kadi yako ya bima inalipa hadi hospitali ya ngazi gani, na rufaa iwe imeandikwa, usiende na mdomo. Chukua picha zote za zamani za eksirei. Muulize daktari maswali matatu bila kuona aibu: mpasuko huu ni wa ajali au wa uchakavu, unashoneka au unakatwa, na tusipofanya upasuaji tukaanza mazoezi miezi mitatu kutatokea nini. Daktari mzuri anayajibu bila kununa.

Kama ni wewe mama ndiye wa kupasuliwa, sema kama unatumia vidonge vya majira au kama umejifungua ndani ya wiki sita. Vyote viwili vinaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mguu, na goti lililopasuliwa linaongeza tena. Unanyonyesha? Sema pia, dawa zitachaguliwa.

Safari ya kurudi Mpanda ni ndefu na kiti cha basi kinabana. Usisafiri mpaka daktari aliyekupasua aseme sawa. Nunua siti ya pembeni ya njia ili mguu unyooke, chezesha vidole na kifundo kila dakika chache, basi likisimama shuka tembea na gongo lako, kunywa maji hata kama unaogopa kutafuta choo. Ukifika nyumbani, vidonda vile vidogo visilowe mpaka nyuzi zitolewe, na kuzitoa unaweza kuja kwetu hapa hapa, sio lazima urudi Dar.

Muundi ukivimba upande mmoja, unauma ukiuminya kwa nyuma, au ukaanza kuhema kwa shida na kifua kinachoma, usimsubiri mume arudi na usisubiri kupambazuke. Mwite jirani mwenye pikipiki, uje.